Mkono Unaotetemeka na Upinde wa Roda



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lililo nje kidogo ya desturi ya ukurasa huu. Tangu Kwaresima baadhi yenu mmekuwa mkituuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kuzungukazunguka, ni kwa nini mikono yetu hutetemeka tunapoinua kikombe. Mama mmoja mzee hakuzunguka. Alitungojea nje ya sakristia akasema, "Baba Paroko, watu wanasema unakunywa. Mimi nimewakatalia, lakini nataka nisikie kwa kinywa chako." Tulimshukuru sana mama yule, maana anayeuliza humheshimu mtu kuliko anayenong'ona.

Jibu tulilompa ndilo hili. Daktari ametupima na kutuambia kwamba huu ni ule mtetemo unaorithiwa katika koo nyingi, unaojitokeza mkono unapofanya kazi au unaposhika kitu hewani, na unaotulia mkono unapolazwa mapajani. Ugonjwa wa Parkinson ni kitu kingine. Huko mara nyingi mkono hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika. Marehemu baba yetu alikuwa na hali hiihii, na watoto wake tulizoea kumjazia kikombe nusu tu. Kuhusu pombe, ukweli una kejeli yake: kiasi kidogo cha pombe huutuliza mtetemo wa namna hii kwa muda mfupi, kisha unarudi, pengine kwa nguvu zaidi, na wapo walioangukia ulevi kwa kuutafuta utulivu huo. Kwa hiyo, mkiiona mikono yetu imetulia kupita kawaida asubuhi ya Jumapili, hapo ndipo muwe na wasiwasi.

Wengine mmeuliza swali la pili: padre mwenye mikono ya namna hiyo anawafundishaje vijana kutumia upinde nyuma ya nyumba ya mapadre? Kwetu sisi maswali haya mawili ni swali moja, na jibu lake ni refu kidogo.

Wengi tuliokulia katika milima hii ya Umatengo tuliushika upinde kabla ya kuishika kalamu. Ulikuwa upinde wa kitoto, tawi lililokunjwa na kufungwa kamba ya magome, na mishale ya matete. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza nyani na ndege katika mashamba ya mahindi na ulezi, na ukweli ni kwamba kelele zetu ziliwafukuza kuliko mishale. Sehemu hizi hazina sifa kubwa ya upinde katika masimulizi. Wangoni walipofika kutoka kusini katika karne ya 19, walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea na ngao, na kwao heshima ya vita ilikuwa kumkaribia adui hadi kumwona macho. Kumpiga mtu kutoka mbali hakukuwa jambo la kutungiwa wimbo.

Wenye sifa ya upinde katika Afrika ya Mashariki ni wengine. Hapa Tanzania wapo Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kando ya Ziwa Eyasi, ambao mtoto wao wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa bado hajajua kupiga hesabu, na ambao hadi leo hutengeneza upote kwa mishipa ya wanyama. Nchini Kenya, katika nyika za Tsavo na mto Galana, walikuwako Wawaata, ambao majirani wengi huwaita Waliangulu, waliowinda tembo kwa upinde hadi serikali ya kikoloni ilipowakomesha kwa kampeni yake ya miaka ya 1950. Upinde wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuuvuta, yaani kilo 45 na zaidi. Mtu hawezi kuushika uzito huo kwa vidole vitatu huku akitafakari. Huvuta na kuachia katika tendo moja, kama mtu atupaye jiwe.

Tena mfumaji wa kale hakuhitaji kutafakari, kwa kuwa alikuwa na sumu. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Ziwa Nyasa kwa namna ya pekee. Katika bonde la mto Shire, ambao ndio mlango wa maji ya ziwa letu kwenda Zambezi, wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Daktari John Kirk, aliyefika ziwani pamoja na Livingstone mwaka 1859 na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alichukua sampuli ya kombe. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulihifadhiwa pamoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki akaonja uchungu, na akatambua kwamba mapigo ya moyo wake yamebadilika. Huko Edinburgh Profesa Thomas Fraser aliichunguza, na kutoka humo ikapatikana dawa iliyotumika kwa miaka mingi kuutia nguvu moyo uliochoka. Basi mwenye kombe kwenye chembe ya mshale wake hakulazimika kumpiga mnyama mahali fulani hasa. Alinyemelea, akakaribia hatua chache, akafuma popote penye damu, kisha akafuata nyayo.

Tunayasema haya kwa sababu watu hudhani kwamba kutulia kwa mkono ni sifa ya zamani tuliyoipoteza. Sivyo. Babu zetu wafumaji hawakuwa na nafasi ya kutetemeka, kwa maana mshale uliondoka kabla mkono haujapata habari. Tatizo la mtetemo, kama wanavyolijua wafumaji wa leo, lilizaliwa pale mtu alipoweza kuuvuta upinde akabaki ameuvuta, akitazama. Na aliyemwezesha mtu kubaki hivyo ni Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, aliyeomba hataza ya upinde wake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969.

Upinde huo tuliukuta Bavaria mwezi Agosti 2016. Mnajua kwamba mapadre wetu wengi, wakati wa likizo za huko Ujerumani, huombwa kushika nafasi ya paroko anayekwenda mapumzikoni. Karibu kila kijiji cha huko kina chama cha wapiga shabaha, na chama cha kijiji kile kilikuwa na ukumbi karibu na kanisa. Juma tulilofika walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni wakitazama michezo ya Olimpiki ya Rio, na Lisa Unruh, Mjerumani, akapata medali ya fedha katika upinde. Tuliwaambia kwa majivuno kidogo kwamba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ileile ilibebwa na mfumaji, dada Shehzana Anwar. Kenya si Tanzania, lakini ukiwa ugenini mipaka hupungua. Siku ya pili wakatualika tujaribu.

Upinde wa Rio ni ule wenye ncha zilizopinda mbele. Huu tuliopewa ulikuwa mwingine, ule ambao wenyewe huuita kompaundi, na sisi tumeuita upinde wa roda, kwa sababu kila ncha yake ina roda iliyochongwa isiwe duara kamili, na nyaya zinazopita juu yake kama kamba ya kuinulia ndoo kisimani. Katika mashindano, uzito wake hauruhusiwi kuzidi pauni 60, kama kilo 27. Unapouvuta, uzito wote unakujia katikati ya safari. Halafu roda zinageuka, na ghafla mzigo unashuka. Mwishoni mwa kuvuta, mahali wanapopaita ukutani kwa kuwa upote haukubali kwenda zaidi, unabaki umeshika labda kilo tano au sita tu. Tofauti hiyo humshangaza kila mgeni. Kumbe mashine imekubebea mzigo, na sasa unayo nafasi ya kutazama.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mbele yako kuna kioo kidogo chenye nukta, na mita 50 kutoka kwako kuna shabaha ambayo duara lake la alama kumi lina upana wa sentimita 8, kama mdomo wa kikombe cha chai. Nukta haikai. Inapanda, inashuka, inazunguka duara kama nzi. Mtu mwenye afya kamili naye hutetemeka. Mkono wa kila binadamu hutikisika mara nane hadi kumi na mbili hivi kwa sekunde, na juu ya hayo kila pigo la moyo huusukuma kidogo. Kwa kawaida hatuoni. Kioo kile huonyesha yote.

Mfumaji akiona hivyo hufanya mambo mawili, na yote mawili humharibu. Kwanza hukaza: hukamata mpini, hubana bega, huziba pumzi, na mtetemo unaongezeka, kwa sababu msuli uliokazwa ndio hasa unaotetemeka. Pili huvizia. Hungoja nukta ipite katikati ili afyatue wakati huohuo, na kidole chake kinapokurupuka upinde wote unaruka. Akiendelea hivyo miezi michache hupatwa na kitu ambacho wafumaji wa dunia nzima wanakiogopa, nasi tukiite woga wa shabaha. Mkono unakataa kuipeleka nukta katikati. Unagandia chini yake, na mtu mzima mwenye nguvu zake hawezi kuupandisha hata kwa upana wa kidole. Au kinyume chake, nukta ikigusa tu ukingo wa duara, kidole kinafyatua chenyewe bila kuombwa. Wapo mabingwa walioacha mchezo kwa sababu hiyo.

Mwalimu tuliyepewa alikuwa fundi seremala mstaafu, mtu wa maneno machache. Alitutazama tukijaribu mara tatu, akaiona mikono yetu, na wala hakuuliza kitu. Akatuondolea shabaha kabisa. Alitusimamisha hatua nne tu mbele ya ukuta wa majani makavu na kutuambia tufumbe macho. Kwa majuma mawili hatukulenga kitu chochote.

Macho yakifumbwa, mtu huanza kuisikia mifupa yake. Miguu ikae kwa upana wa mabega, uzito ugawanyike sawa, nyonga zisitangulie mbele wala kiwiliwili kisiegemee nyuma. Mkono wa upinde usiushike upinde; uusukume tu. Mpini ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee, na kiwiko kigeuzwe nje kidogo ili upote usikuchape. Hapo nguvu ya upinde hupita kutoka kiganjani, kupitia mfupa wa mkono, hadi begani kwa mstari ulionyooka, na bega lishuke mahali pake badala ya kupanda kuelekea sikio. Fundi yule alikuwa na kauli ambayo wenye kujenga nyumba mtaielewa: nguzo haikazi msuli. Nguzo imesimama kwa sababu imewekwa wima.

Mkono wa kuvuta nao hauvuti. Kinachovuta ni mgongo, ule mfupa mpana wa nyuma ya bega, ambao Kiswahili, kwa utani wake, nao kinauita kombe la mkono. Uvutaji wa mkono huchoka upesi na hutikisa. Kombe likirudi kuelekea uti wa mgongo, mkono unafuata kama kamba inavyoifuata ndoo. Kiganja kikifika kwenye taya, na upote ukagusa ncha ya pua, kila mara mahali palepale, kichwa hakina haja ya kuufuata upote. Upote ndio umfuate mtu. Na upinde uwe na kimo cha mtu mwenyewe. Urefu wa kuvuta ukizidi kipimo chako hata kwa upana wa kidole, utajikuta umeegemea nyuma na mkono umenyooka kupita kiasi, na hakuna mazoezi yatakayouponya mtetemo huo. Tumewaona vijana wakilaumiwa kwa ulegevu wakati kosa lilikuwa la kipimo.

Juu ya pumzi alikuwa na mengi. Vuta hewa unapouinua upinde, toa kama nusu ukifika ukutani, kisha acha palepale bila kubana koo. Baada ya hapo una sekunde chache, tuseme tano au saba. Zikipita, damu inaanza kudai hewa, macho yanafifia, na nukta inacheza zaidi. Mshale ambao haujaondoka ndani ya muda huo usiulazimishe. Shusha upinde taratibu, pumua, anza upya. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuvuta hujiona ana deni la kufyatua.

Majuma mawili yalipokwisha akaturudishia shabaha, akatuambia neno lililotushangaza: tuiache nukta izunguke. Tusiifukuze. Kazi yetu ni kuendelea kulirudisha kombe nyuma, polepole, huku tukitazama katikati ya shabaha wala si nukta, na kifyatulio kiachie chenyewe, kwa wakati ambao hatukuuchagua. Katika kuzunguka kwake nukta hupita katikati mara nyingi kuliko inavyopita pembeni, na mshale ulioondoka bila kushtukizwa huangukia karibu na hapo. Halafu mkono ubaki juu mpaka isikike sauti ya mshale kugonga. Ni muda mdogo, zaidi kidogo ya nusu sekunde kwa mita 50, lakini anayeushusha mkono upesi ili aone alikopiga huwa amekwisha kuuanza kuushusha kabla mshale haujatoka.

Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Anayesimama ndani ya mtumbwi wa mti mmoja akakaza magoti yuko majini kabla ya wimbi la pili. Anayevuta wavu kwa miaka thelathini huyaacha magoti yaende na ziwa, na juu ya magoti yale kiwiliwili kimetulia.

Kuna fimbo pia, inayochomoza mbele ya upinde ikiwa na vyuma mwishoni. Uzito wake hufanya upinde uwe mzito kugeuka, hivyo mtetemo wa haraka humezwa na nukta hubaki na mwendo wa polepole tu. Kwa mtu kama sisi fimbo hiyo ilisaidia kuliko ushauri wowote. Kadhalika kahawa: huongeza mtetemo, na kuliandika neno hili katika wilaya ya Mbinga, ambako ada za watoto hulipwa kwa kahawa, ni kama kuomba kufukuzwa. Limeni, uzeni, lakini paroko wenu hainywi tena kabla ya Misa ya kwanza. Zipo dawa za kupunguza kasi ya moyo ambazo hospitali huwapa wenye mtetemo wa kurithi. Dawa hizohizo, kwa sababu hutuliza mkono, zimepigwa marufuku kwa wafumaji wa mashindano, hata nje ya siku za mashindano. Sisi si washindani, tunazimeza kama daktari alivyoandika, na zinasaidia kwa kiasi. Mtetemo haukuondoka, na hatukuahidiwa kwamba utaondoka.

Tungependa mumjue pia Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono. Huketi kitini, husukuma upinde wa roda kwa mguu, na upote huunganishwa na kifaa begani mwake. Alipata medali ya fedha katika Paralimpiki za London mwaka 2012, na dhahabu Paris mwaka 2024. Mstari wa nguvu ni uleule, kutoka kwenye mpini hadi mgongoni. Yeye ameupitisha katika mfupa wa mguu. Upinde wa roda wenyewe, ambao haujawahi kuwamo katika Olimpiki, utaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika timu ya mwanamume na mwanamke.

Turudi Kigonsera. Hatuna upinde wa roda hapa, na bei yake haituruhusu kuuota. Vijana tisa wanaokuja Jumamosi alasiri hutumia pinde za mianzi tulizochonga pamoja nao, nyepesi, zisizozidi nguvu ya mtoto wa darasa la sita. Gunia lililoshindiliwa majani makavu limeegemezwa kwenye ukingo wa udongo, hakuna anayepita nyuma yake, na hakuna anayekwenda kuchomoa mshale kabla wote hawajaweka pinde chini. Hatua nne, macho yamefumbwa. Wazazi waliokuja kutazama wameuliza lini watoto wataanza kulenga, nasi tumewaomba subira hadi baada ya mavuno.

Na altareni tumebadilisha mambo mawili, mliokaa mbele mmekwisha kuyaona. Viwiko sasa tunavikaribisha mbavuni kabla ya kuinua, mabega tunayashusha, na kikombe hatukikamati kwa vidole bali tunakiacha kikae juu ya viganja. Divai tunaweka kidogo zaidi kuliko zamani. Bado kinatetemeka. Watumikiaji wadogo wanaosimama upande wa kulia waliwahi kukitazama kwa hofu wakidhani kitaanguka. Jumapili iliyopita mmoja wao alipiga kengele kwa wakati wake bila hata kugeuka.